Bomba Moja au Mawili

Walton, Liverpool
14 Januari

Philomena mwenzangu,

Nakuandikia kwa sababu tulikubaliana. Baada ya ile simu ya Krismasi, uliponikatia na mimi nikakupigia tena ili nikukatie mimi, ulisema tuandikiane kama watu wazima, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nikaona umesema neno la maana. Basi nimekaa hapa nyuma ya saluni, hema la kupulizia limekunjwa, birika linachemka, miguu imevimba, naandika.

Mashine yetu ya kupulizia wanawake rangi ya kahawia mwilini nimeipeleka kwa fundi, yule wa Bootle anayepumua kama amepanda ngazi. Ameifungua yote: mota, mpira, bomba, sindano, hata kikombe cha dawa amekinusa. Anasema haina ubovu wowote. Nikamwambia, haina ubovu? Mashine iliyomtoa Colette Maddox na mistari mgongoni kama punda milia, siku moja kabla ya harusi yake, haina ubovu? Akasema, "Mama, mimi nakwambia nilichokiona." Nimemlipa kwa shingo upande nikaondoka.

Colette mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu. Siku ile nilimwambia mbele yako kwamba si sisi, ni mashine inatema, na tangu hapo nimewaambia wote hivyo hivyo. Sasa wakiingia wakaikuta mashine ile ile mezani nitawaambia nini? Lazima ninunue mpya kabla ya wiki ya mbio za farasi ya Aprili, maana unajua wiki ile mji mzima unataka kuwa kahawia kufikia Ijumaa.

Tunstall wa Warrington ameniwekea mashine mbili kando mpaka mwisho wa Februari. Baada ya hapo ataziuza, kila saluni inatafuta. Ya kwanza ni ya bomba moja, ndogo, haina kelele, naibeba kwa mkono mmoja. Ya pili mota ni moja lakini inaendesha mabomba mawili, kwa mahema mawili, mimi huku na wewe kule kama siku zote. Ni nzito kama jeneza na mtu mmoja hana la kufanya nayo. Unaona ninakokwenda.

Ulikwenda kumuuguza kaka yako nyonga kwa wiki sita. Sasa ni miezi minne. Simlaumu Malachy, hakuvunjika kwa kupenda. Lakini nina miaka sitini na moja, na mwaka jana wiki ya mbio tulipuliza wanawake themanini na watatu kwa siku tatu, tukiwa wawili, na bado nililala na viatu. Peke yangu nitajikokota msimu huu mmoja kisha nafunga mlango. Sikutishi, nakuambia jinsi ilivyo. Basi nijibu: moja au mawili?

Jeanette


Belmullet, Mayo
27 Januari

Shoga yangu Jeanette,

Barua hii nasema mimi anachapa Malachy, kwa kidole kimoja, kwa hiyo usishangae imechelewa. (Vidole viwili. M.)

Kabla ya moja au mawili, muulize Tunstall maswali haya, na asikupe maneno matamu. Muulize joto. Mota ikipasha hewa kupita kiasi, dawa inakauka njiani na kutua kwenye ngozi kama vumbi la chaki; isipopasha, mteja anasimama kwa baridi na vipele mwili mzima, na rangi inakaa kwenye vipele. Muulize sindano, kama inapitisha dawa nzito, maana wateja wetu wanapenda nzito. Muulize urefu wa mpira, usije ukafika nyuma ya magoti ya mtu ukavutwa kama mbwa kwenye kamba. Muulize kelele. Wanawake wanatueleza mambo yao mle ndani ya hema, na mota ikipiga kelele hawasemi, na asiyesema harudi. Na ununue feni ya kuvuta ukungu wa dawa hata kama hununui kingine. Kikohozi chako nakijua, nimekisikia miaka ishirini na miwili.

Lakini ukiniuliza mimi, achana na mabomba kabisa. Chukua kibanda. Mteja anaingia, anafunga mlango, anabonyeza kitufe, kinampuliza chenyewe mbele na nyuma. Sisi tunakaa nje tunapokea watu na kufuta sakafu. Tumezeeka, Jeanette. Acha kifanye kazi.

Nyonga ya Malachy bado. Anakwenda kwa fimbo mpaka langoni, basi. (Hapa sina la kusema. M.)

Philomena


Walton
3 Februari

Philomena,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kibanda? Wewe? Wewe uliyesema mbele ya ukumbi mzima kule Manchester kwamba kibanda ni cha kuoshea magari? Umesahau yule kijana wa maonyesho alivyonibembeleza nijaribu, nikaingia, na kile kidude kikanipuliza usoni kabla sijafumba mdomo? Nilitoka meno ya kahawia, viwiko vyeusi, mgongo mweupe pe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukamwambia, "Baba, mashine yako haina macho." Nikajivunia wewe siku ile, ndiyo maana naikumbuka.

Na maneno yako yalikuwa ya kweli. Kibanda hakijui kwamba Bi Ormesher ana kovu la upasuaji ambalo lazima ulipite kwa mbali. Hakijui kwamba binti wa pale duka la samaki anaona haya na lazima umwambie utani kwanza. Kinampuliza kila mtu kama ukuta.

Sasa mambo mawili. Kwanza, kwa nini unaniandikia kwa kuchapa kama benki? Barua yako ya kwanza ukiwa kwenye meli uliiandika kwa mkono, mchafu kama kawaida yako, nikafurahi. Hii ya sasa nikadhani nadaiwa umeme. Pili, Siobhan wa pale jirani, wa nywele, ana binamu yake Castlebar. Binamu huyo amemwona Malachy kwenye mechi Jumapili iliyopita. Hakuwa na fimbo. Mayo walipofunga aliruka, Philomena. Mtu mwenye nyonga mbovu akaruka.

Sipendi kupigwa chenga. Kama Malachy amepona, niambie amepona. Na kama una sababu nyingine ya kukaa huko, mimi si mtoto.

Wateja wanakuulizia kila siku. Nawaambia unakuja. Niwaambie lini?

Jeanette


Belmullet
17 Februari

Jeanette,

Malachy anaendelea vizuri kidogo. Siku ya mechi alijitahidi kupita kiasi, akalipia kesho yake kitandani.

Kuchapa ni kwa sababu miwani yangu ya kusomea imevunjika.

Kuhusu mashine, nimefikiri tena. Kama hutaki kibanda, chukua ya bomba moja. Tafadhali usininunulie bomba. Chukua moja, ajiri msichana wa saa chache wiki ya mbio, mfundishe. Mikono ya wasichana ni mepesi.

Wateja usiwaambie tarehe.

Philomena


Walton
20 Februari

Philomena Geraghty,

Usininunulie bomba. Nimelisoma hilo nikiwa na mteja ndani ya hema, mikono juu, anasubiri, na nilisahau kumpuliza mpaka akaniuliza kama nimeugua.

Nimeelewa sasa. Nimechelewa tu, maana mimi ni mtu wa kuamini. Kwanza unataka niweke kibanda mahali pako, halafu msichana mahali pako, chochote kile mradi si wewe. Ungeniambia Septemba, "Jeanette, nimechoka nawe," ingeniuma na ingekwisha. Badala yake umeniweka hapa majira yote ya baridi nikihesabu nyonga ya mtu aliyepona. Roho inaniuma, na sitakuficha. Nimepuliza wanawake wa nusu ya mji huu bega kwa bega nawe, nimekuzikia mumeo nikiwa nimekushika kiuno, na unashindwa kuniambia kwamba hurudi.

Nimeagiza ya bomba moja. Tunstall ataileta. Jumatatu anakuja mtu wa vibao kuondoa jina lako mlangoni, maana naona aibu kwa kila anayesoma "Jeanette na Philomena" na kuniuliza wa pili yuko wapi.

Usinijibu kwa kuchapa. Bora usijibu.

J. Rimmer


Belmullet
9 Machi

Bi Jeanette,

Hii ni mimi Malachy, na Philomena hajui kama naandika. Amekwenda misa. Nina kama saa moja, na mimi si mwandishi.

Nyonga yangu ilipona Novemba. Nasema uongo kwa ajili yake tangu wakati ule, na uongo wa kuchechemea unachosha kuliko kuchechemea kwenyewe. Hapa kijijini natembea na fimbo kila nikiwa karibu na mtu anayeweza kukuandikia. Kule mechi nilijisahau.

Dada yangu mkono wake wa kulia unatetemeka. Ulianza masika ya mwaka jana. Mwanzoni alidhani ni uchovu, akawa anashika bomba kwa mikono miwili ukigeuka. Sasa kikombe cha chai kinamwagika kabla hakijafika mdomoni, ndiyo maana mimi ndiye nachapa. Miwani haikuvunjika. Daktari Castlebar amesema si ule ugonjwa mbaya ambao wote tuliuogopa. Ni mtetemo wa kurithi, mama yetu alikuwa nao. Haumuui mtu, lakini hauponi.

Yule bibi harusi wa Septemba hakuharibiwa na mashine. Haya mengine akuambie mwenyewe, kama atataka.

Barua yako ya mwisho ameisoma akaiweka chini ya sahani kabatini. Hajala vizuri wiki hizi mbili. Mimi nilimwahidi sitasema na nimesema. Nikikosea nisamehe, na akinifukuza nyumbani kwangu mwenyewe nitakuja kulala saluni.

Malachy Geraghty


Walton
13 Machi

Philomena,

Kaka yako ameniandikia. Usimgombeze, au mgombeze kidogo tu, kwa sababu anastahili na pia hastahili.

Kwanza nikiri langu. Sikuagiza mashine. Niliandika vile kwa hasira, kisha nikashindwa kumpigia Tunstall. Yeye ndiye alinipigia tarehe ya mwisho, nikamwambia auze zote mbili. Na mtu wa vibao hakuja kwa sababu sikumwita. Kwa hiyo tumedanganyana sote, ila wewe umedanganya kwa muda mrefu zaidi.

Pili, nina hasira. Nimebishana na fundi wa watu nikimwita kipofu, kumbe alikuwa anasema kweli. Nimewaapia wateja. Nimemtazama Colette machoni. Miezi sita nasoma makaratasi ya mashine, joto, sindano, mpira, kelele, mpaka nayaota, natafuta dawa ya ugonjwa ambao mashine haina. Na wewe ulinijibu kila swali. Maswali yako kwa Tunstall yalikuwa mazuri sana, hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Tatu, mimi nilikuwa kando yako kutwa nzima tangu masika mpaka Septemba na sikuona. Nilikuona unashika bomba kwa mikono miwili nikafikiri mgongo unakuuma. Sijui nilikuwa natazama nini. Hilo silisemi ili unihurumie.

Nataka uniambie wewe. Kwa mkono wako, hata kama mstari utapanda ukutani. Sijali hati, sijawahi kuweza kuisoma hata ulipokuwa mzima.

Jeanette


Belmullet
20 Machi

Jeanette,

Naandika kwa mkono. Ukurasa huu umenichukua tangu asubuhi, kwa hiyo sitarudia neno.

Siku ya Colette. Nilijua mkono haukuwa sawa, lakini ulikuwa na mteja wako na yule mtoto alikuwa amefurahi sana, anasimulia keki yake. Nilipuliza mgongo. Mstari wa kwanza nikauona, nikataka kuufuta kwa kupita tena, ukawa miwili, ikawa mitano. Hakuona, alikuwa amenipa mgongo, bado anasimulia keki. Ukaingia. Ukatazama. Ukasema, "Mashine hii inatema." Nami nikasema, "Ndiyo."

Hilo tu. Neno moja. Ningeweza kulirudisha siku ile ile, sikulirudisha. Kesho yake likawa gumu zaidi, na ulipoanza kumwambia kila mtu, nikaona nikifungua mdomo nitakuangusha na wewe. Ndipo Malachy akavunjika, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Kibanda nilikitaka kweli. Nililala nikiwaza, kama kuna kibanda, Philomena anaweza kurudi, atakaa mlangoni na hakuna atakayeuliza kwa nini hashiki bomba. Nilikuwa tayari kuleta kile kidude cha kuoshea magari ndani ya saluni yetu ili tu nirudi. Nilipoona hutaki, nikaona basi, imekwisha.

Unajua tunavyowatazama watu mikono. Ndiyo kazi yetu, kutazama mwili wa mtu na kuona palipo na kasoro. Wateja wetu wamejifunza kwetu. Nikiinua kikombe tu watajua, na watanihurumia, na huruma ya wanawake wa Walton naijua, inakuja na keki na inakaa saa mbili. Kiti cha kukalia sitaki. Ningekuwa na kazi, ningekuja. Sina.

Nimechoka. Nisamehe kwa yule mtoto. Nisamehe kwa fundi pia.

Phil


Walton
24 Machi

Phil,

Huruma? Nguvu ya kumhurumia mtu naitoa wapi? Nina miadi ya watu sabini na mmoja kwa siku tatu na bomba moja la zamani ambalo, tumethibitishiwa na fundi, ni zima.

Nisikilize. Jana nilichukua saa ya jikoni nikajipima. Kumpuliza mtu ni dakika sita. Lakini kila mteja ananichukua dakika ishirini na tano. Nimsikilize, nimchagulie dawa, niichanganye, nimpe chupi ya karatasi, nimpake mafuta viganjani na nyayoni rangi isishike, nimfungie nywele, nimpulize, nimkaushe, nimwambie asioge mpaka kesho, asivae sidiria, asikumbatie mtoto, alalie shuka jeusi. Halafu nifute hema. Bomba ni dakika sita tu, Phil. Hizo nyingine zote zinataka mdomo, macho na mtu mwenye akili. Mdomo wako hautetemeki, ungekuwa unatetemeka ningefurahi, tungepumzika.

Wewe mbele, mimi ndani ya hema. Hatuhitaji mashine mpya yoyote. Tulikuwa tunajiuliza bomba moja au mawili, na hatukujiuliza kwa nini kila mmoja wetu alikuwa anafanya kila kitu.

Lakini sharti lipo. Colette Maddox amejiandikisha Alhamisi ya wiki ya mbio, saa nane mchana. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakuwa mbele yako wala nyuma yako.

Meli ya Dublin ya Jumatatu ya wiki hiyo. Usinijibu, njoo tu.

Jeanette


Walton
13 Aprili

Kaka Malachy,

Nakuandikia mimi kwa sababu dada yako amelala kwenye kiti cha wateja na kinywa wazi, na nimeapa sitamwamsha. Mbio zimekwisha. Mji umejaa kofia zilizovunjika na wanawake wanaotembea bila viatu.

Alifika Jumatatu usiku na mabegi mawili na uso wa mtu anayekwenda mahakamani. Jumanne asubuhi walikuwa wamejipanga mpaka nje, rola kichwani, nguo za kulalia, ndala kwenye baridi ile. Kikombe cha kwanza cha dawa kilimponyoka kikamwagika sakafuni, na saluni nzima ikanyamaza. Nilikuwa ndani ya hema, nikasikia ule ukimya, nikataka kutoka, nikajizuia kwa kushika nguzo. Kisha nikamsikia anasema, "Mkono wangu unatetemeka, ni wa kurithi, hauambukizi, na aliyekanyaga hapo akauke kabla hajaingia kwa Jeanette." Mmoja akacheka. Wengine wakaanza tena kupiga domo. Akatafuta jagi lenye kifuniko na baada ya hapo hakumwaga tena sana.

Nikuambie kweli, sikuwahi kufanya kazi vizuri hivi. Kila aliyeingia hemani alikuwa tayari, viganja vimepakwa, dawa imechanganywa vile inavyomfaa. Anawajua wote. Namsikia, "Wewe rangi nambari nane, na usinibishie, mwaka jana ulitaka kumi na mbili ukaonekana kama kabati." Tumewamaliza wote sabini na mmoja. Lakini sitakudanganya, mambo hayakuwa ya raha. Kila saa alikwenda choo cha nyuma akakaa huko na mkono umebanwa kwapani, na nilijua, na sikumgongea.

Colette alikuja Alhamisi. Nilisikia yote kwa sababu hema ni kitambaa tu. Phil alimwambia moja kwa moja, bila kuzunguka: mashine haikuwa na kosa, ni mimi, na nilinyamaza. Nikasikia Colette anaweka mkoba wake chini. Kisha akasema, "Picha zangu zote za harusi, Philomena. Zote nimevaa shali." Phil akasema, "Najua." Colette akasema, "Mama yangu alijifumia mwenyewe lile shali, la kuvaa akilazwa hospitali." Phil akasema tena najua, na sauti yake sikuipenda. Nikasikia kiti kinavutwa. Colette akasema, "Haya nipake hayo mafuta, nina watu wa kukutana nao saa kumi." Nilipochungulia alikuwa amenyoosha viganja vyote viwili na anatazama pembeni, na Phil anampaka. Hajamsamehe, nadhani. Lakini amejiandikisha tena mwezi wa sita.

Alhamisi hiyo, wa mwisho alipotoka, kulikuwa bado na jua. Phil akasimama mlangoni pa hema akasema, "Nipe bomba mara moja. Nijue imekwisha." Nikauliza nani atakubali. Akasema hakuna, basi, alitaka kusema tu. Mimi nimepuliza watu miaka ishirini na miwili na sijawahi kumruhusu mtu anipulize zaidi ya kile kibanda cha Manchester, maana najua kila kosa linapoweza kutokea. Nikavua nguo. Nikaingia. Nikanyoosha mikono.

Alichukua nusu saa. Alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, na mashine inavuma, kwa hiyo hatukulazimika kusema kitu. Nilihisi ukungu unakuja karibu mno, kisha mbali mno, kisha karibu. Alipomaliza akazima, akafungua bomba mwenyewe, akaliosha pamoja na sindano na kikombe, akakausha kila kipande kwa kitambaa ingawa kilimchukua muda, akanikabidhi. Akasema asante. Nikasema karibu.

Nilikuwa na mistari kuanzia shingoni mpaka visigino. Ningeweza kuirekebisha kwa dakika kumi. Nilikuwa nimechoka mno, huo ni ukweli, na pia sikutaka.

Ijumaa nilikwenda kwenye mbio na gauni langu la kijani, lile lisilo na mikono wala mgongo. Wateja wangu wote walikuwepo, wamependeza, kahawia safi, kazi yangu hiyo. Nikapita katikati yao. Mke wa kaka yangu, Lorraine, anayejua kusema kwa sauti, akaniita kutoka kwenye ngazi, "Jeanette! Mungu wangu! Nani amekufanya hivyo?" Watu wakageuka. Phil alikuwa kando yangu.

Nikamwambia Lorraine, "Mwenzangu."

Basi kaka, usimwandalie chumba. Tuma koti lake zito na dawa zilizobaki, na hivyo viatu anavyosema vipo chini ya kitanda.

Jeanette Rimmer